Banda la njiwa na jua: liingie saa ngapi, litoke saa ngapi?

Njiwa anayeruka huru tangu alfajiri hahitaji kufundishwa habari za jua. Atalifuata mwenyewe juu ya paa. Shida huanza siku anapofungiwa ndani, iwe kwa sababu ya kunguru, ya paka, au ya jirani aliyepaka ukuta wake rangi nyeupe na hataki kuona kinyesi. Hapo mfugaji ndiye anayeamua ndege ataona jua kiasi gani, na maswali yanayoulizwa ni haya.

Njiwa aliyefungiwa anahitaji jua kwa muda gani kila siku?

Kwa mikoa yetu ya joto, saa mbili hadi tatu za jua la asubuhi zinatosha, mradi upande mmoja wa banda ubaki kivulini muda wote. Hilo la kivuli usilipuuze. Njiwa aliyeota vya kutosha huondoka mwenyewe. Asipokuwa na pa kuondokea, jua lilelile linageuka adhabu.

Kwa ajili ya mifupa peke yake hata muda huo ni mwingi. Majaribio yaliyofanywa Marekani miaka ya 1920 kwa vifaranga wa kuku yalionyesha kwamba dakika 11 hadi 45 za jua la kiangazi kwa siku zilitosha kuwakinga na matege. Njiwa si kuku, lakini hesabu hiyo inatupa picha. Muda unaozidi hapo tunauweka kwa ajili ya banda lenyewe, likauke.

Jua linamsaidia nini ndege aliyejaa manyoya mwili mzima?

Linafanya kazi pale pasipo na manyoya, hasa miguuni. Ndani ya mwanga wa jua mna miale ambayo macho yetu hayaioni, inayoitwa urujuanimno. Sehemu yake moja ikigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu iliyomo kwenye chakula hupita tumboni ikatoka na kinyesi bila faida kubwa.

Anayeumia kwanza ni jike. Njiwa hutaga mayai mawili kwa mzao, na kalsiamu ya maganda huikopa kwenye mifupa yake mwenyewe. Deni lisipolipwa utaona yai lenye ganda laini, au yai lililokwama na jike amejikunyata sakafuni, mkia ukipandapanda, anasukuma bila mafanikio. Kwa makinda utaona miguu iliyotanuka pembeni au mfupa wa kidari uliopinda. Mshike kinda, pitisha kidole katikati ya kifua, utausikia.

Jua peke yake halileti kalsiamu, linafungua mlango tu. Kwa hiyo weka maganda ya chaza yaliyopondwa, au maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa. Ndege wa ndani wasioona jua kabisa inabidi wapewe vitamini D kwenye chakula, na hapo fuata kipimo cha mtaalamu wa mifugo, maana ikizidi inadhuru figo.

Nimesoma kwamba banda litazame kusini. Ni kweli?

Ni kweli kwa Ubelgiji na Uingereza, ambako ufugaji wa njiwa wa mashindano una mizizi mirefu na ambako ushauri mwingi tunaousoma umetoka. Kule jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, na miezi ya baridi linakuwa hafifu kiasi kwamba ngozi haitengenezi vitamini D ya maana. Mfugaji wa kule analitafuta jua kama mtu anayetafuta maji jangwani.

Sisi tunalikimbia. Dar es Salaam mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini, Desemba limehamia kusini kidogo, na mara mbili kwa mwaka linasimama utosini. Kutazama kusini au kaskazini hakukupi faida kubwa. Kinachobadilisha mambo ni mashariki na magharibi: uso wa banda ukitazama mashariki unapata jua la asubuhi na kuliaga kabla halijawa kali. Ukitazama magharibi, saa tisa alasiri jua linaingia moja kwa moja kwenye banda ambalo tayari lina joto la siku nzima.

Ila kuna jambo ambalo wafugaji wengi hulikosea, nami nililikosea miaka. Jua la saa kumi na mbili na nusu lina mwanga na joto la kupendeza, lakini miale ya vitamini D ni kidogo sana. Simama nje utazame kivuli chako. Kikiwa kirefu kukuzidi, miale hiyo bado haijafika vya kutosha. Kikianza kulingana na urefu wako, saa tatu na kitu hivi, ndipo inapofanya kazi. Kwa hiyo usifunge pazia la gunia saa mbili ukadhani ndege wameshaota. Waache hadi saa nne au nne na nusu, kisha kivuli kiingie.

Kwa watu wa pwani niongeze upenu. Banda lililo wazi mashariki litapigwa na mvua za masika zikija na upepo wa kusi, kwa hiyo paa litokeze mbele kama nusu mita. Upenu huohuo ndio utakaokata jua linapopanda, bila wewe kushika kitu.

Nimeweka bati la plastiki linalopitisha mwanga. Si linatosha?

Kwa mwanga, ndiyo. Kwa vitamini D, hapana. Kioo cha dirisha huzuia ile miale inayotakiwa, na mabati mengi ya plastiki nayo huizuia, ilhali joto linapita na kubaki ndani. Unapata hasara ya jua bila faida yake. Nilikuwa na bati la namna hiyo juu ya viota, na adhuhuri moja ya Februari nikakuta makinda mawili ya siku nne yamekufa kwa joto huku mama yao ameinuka, midomo wazi, hajui afanye nini. Nililing'oa jioni ileile.

Dawa ni waya. Jenga kibaraza kidogo cha wavu mbele ya banda, ndege watoke waote jua halisi. Matundu yawe madogo. Kunguru na kicheche hawahitaji nafasi kubwa.

Watu husema jua linaua magonjwa. Nipunguze dawa?

Jua linasaidia kwa sababu linakausha. Vijidudu vya koksidia, vinavyoleta kuhara, vinahitaji unyevu ili viive na kuambukiza. Mayai ya minyoo vilevile. Na ukungu unaoshambulia mapafu ya ndege hustawi kwenye maranda yaliyolowa. Sakafu kavu inavunja mizunguko hiyo yote.

Lakini miale huishia juu juu. Haipenyi rundo la kinyesi, na haifiki kwenye nyufa ambamo utitiri mwekundu hujificha mchana ukisubiri usiku utoke kunyonya damu. Visanduku vya viota vitoe nje, uvisugue, ndipo uvianike. Na kideri hakitibiwi kwa jua wala kwa kitu kingine. Kinga yake ni chanjo.

Kuna upande unaokuhusu wewe mfugaji. Kinyesi cha njiwa hubeba fangasi anayeitwa kriptokokasi, anayeweza kusababisha homa ya uti wa mgongo, hasa kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka, kama anayeishi na VVU bila kupata matibabu vizuri. Jua kali humdhoofisha fangasi huyu, ndiyo maana pembe za giza ambazo kinyesi kimekaa miezi zina hatari kuliko kibaraza kinachopigwa jua. Mtu mwenye kinga dhaifu asisafishe banda, hata kwa barakoa.

Kinyesi kilichokauka huleta balaa jingine: vumbi. Usifagie kikavu. Nyunyiza maji kidogo, kwangua, zoa, na pua iwe imefunikwa. Vumbi la kinyesi pamoja na unga wa manyoya likivutwa kwa miaka huweza kuharibu mapafu. Ukianza kukohoa, kubanwa kifua au kupata homa saa chache baada ya kusafisha, nenda hospitali na umwambie daktari kwamba unafuga njiwa. Asipojua hilo anaweza kukutibu mafua mwaka mzima.

Nitajuaje jua limezidi?

Njiwa hana jasho kama letu. Akizidiwa anaachama mdomo, koo linapwitapwita haraka, mabawa yanatengwa na mwili. Ukiona hivyo kwa wengi kwa pamoja, banda limechemka: weka kivuli, badilisha maji yaliyopata moto, waletee beseni la kuogea. Paa la bati tupu liwekewe makuti juu yake, au dari chini yake yenye upenyo wa hewa. Maji ya kunywa yasikae juani kamwe.

Viota navyo vipigwe jua?

Hapana. Babu yake njiwa huyu wa nyumbani hutaga mapangoni na kwenye miamba, kwenye kivuli, akatoka kuota ukingoni. Wamisri wameijua siri hiyo tangu zamani: minara yao ya njiwa ya udongo ina giza na ubaridi ndani, na ndege hushinda nje.

Njiwa wangu hulala ubavu juani, ameinua bawa moja juu, macho nusu yamefumba. Anaumwa?

Anaota jua. Mara nyingi utamwona hivyo baada ya kuoga, manyoya yakiwa bado mabichi. Mkaribie polepole: mzima atainuka upesi na kukutazama kwa hasira, halafu atahamia upande wa pili na kuinua bawa jingine. Mgonjwa hainuki, au akiinuka anayumba, shingo imepinda, kinyesi cha kijani kimegandamana chini ya mkia. Huyo mtenge na wenzake leo hii.