Siku tisini si miezi mitatu: kukaa Ujerumani muda mrefu

Mwezi Januari alikuja kwangu mama mmoja kutoka Tanga. Binti yake yuko Hamburg, alikuwa anatarajia kujifungua mwanzoni mwa Machi, na mama anakwenda kumkanda. Viza ameshapata, tiketi ameshalipiwa na mkwewe: kuingia tarehe 1 Machi, kuondoka tarehe 1 Juni. "Miezi mitatu kamili, mwanangu," akaniambia huku ananyoosha pasipoti. Nikashusha kalenda ukutani tukahesabu wote wawili. Machi siku 31, Aprili 30, Mei 31, na siku ya kuondoka nayo inahesabiwa. Jumla 93. Viza yake inasema 90.

Siku ya kuingia inahesabiwa hata ukitua saa tano na nusu usiku, na ya kutoka inahesabiwa hata ukiondoka alfajiri. Mwisho wake halali ulikuwa tarehe 29 Mei. Tukabadilisha tiketi, mkwe akalipa faini ya shirika la ndege, mama akaenda zake. Arobaini yenyewe ni siku arobaini. Tisini zilimtosha na kubaki.

Nimeanza na mama huyu kwa sababu kazi yangu ni kuwasaidia watu kuandaa maombi ya kwenda Ujerumani, na nusu ya matatizo ninayoletewa yanatokana na mtu kutojua ameshika viza ya aina gani. Hapa kwetu kila kitu kinaitwa "viza ya Schengen". Ukweli ni kwamba zipo mbili. Ile ya herufi C ni ya kutembelea: siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, katika nchi zote 29 za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizofunguliana mipaka, kwa pamoja. Ukikaa wiki mbili Paris kabla ya kufika Berlin, hizo wiki zimeshatoka kwenye akaunti yako. Ile ya herufi D ni viza ya taifa, ya kukaa zaidi ya siku 90: masomo, kazi, mafunzo ya ufundi, kumfuata mume au mke. Cha kuchekesha, ya C kwa mtu mzima ni euro 90 na ya D ni euro 75. Ndefu ndiyo nafuu. Ugumu wake uko kwenye makaratasi.

Hizo siku 180 huwachanganya hata wasomi. Si nusu mwaka inayoanza Januari. Kila siku unayokuwa kule, unarudi nyuma siku 180 na kuhesabu umekaa ngapi. Mtu aliyekaa kuanzia 1 Machi hadi 29 Mei ataweza kuingia tena tarehe 28 Agosti, kama viza yake bado hai. Tarehe 27 bado ni mapema. Zamani watu walikuwa wakitegemea muhuri uliofifia au askari mchovu wa mpakani. Tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa kompyuta umeanza kuchukua alama za vidole na picha mpakani, na hesabu inafanywa na mashine. Mashine haichoki.

Sasa swali ninaloulizwa kila wiki: "Si naweza kwenda na ya C, nikifika nitabadilisha?" Kwa Mtanzania au Mkenya, jibu la kawaida ni hapana. Hata kuiongeza hiyo C ni kwa dharura tu, kama ugonjwa mkubwa unaokuzuia kusafiri. Atakayekushauri uende hivyo hivyo ukazamie, au ukifika ujilipue, yaani uombe hifadhi kwa hadithi ya kutunga, mwulize yeye kama atalala nawe kwenye kambi ya waomba hifadhi.

Kwa hiyo chagua mlango ungali nyumbani. Wengi wa wateja wangu ni wanafunzi, na kwao kikwazo ni fedha. Unatakiwa kuonyesha euro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, Wajerumani wanaiita Sperrkonto. Ukifika unaruhusiwa kutoa euro 992 kwa mwezi, basi. Fedha ni zako, ila hazitoki kwa pamoja. Mwenye ufadhili, mathalani wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, anaonyesha barua ya ufadhili. Aliye na ndugu kule mwenye kipato cha kutosha anaweza kuombewa hati rasmi ya udhamini, ambayo ndugu anaisaini mbele ya ofisi ya wageni ya mji wake. Barua ya mjomba iliyoandikwa mezani na kupigwa muhuri wa mwanasheria wa Kariakoo haifanyi kazi hiyo.

Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280. Boksi utabeba, yaani vibarua vya hapa na pale, lakini usipige hesabu kwamba boksi ndilo litakalolipa kila kitu. Na kama umepita miaka 30, ulizia bima ya afya mapema, kwa sababu bei nafuu ya wanafunzi kwenye bima za umma kwa kawaida inaishia hapo.

Mlango ninaoupenda zaidi kwa vijana wa kidato cha nne na cha sita ni mafunzo ya ufundi, hasa uuguzi, kwani unasoma huku unalipwa. Kinachohitajika kweli ni Kijerumani, na kwa kawaida ngazi ya B1. Nenda Goethe-Institut, taasisi ya Wajerumani inayofundisha lugha yao, Dar iko Upanga, anza A1, ngazi ya chini kabisa, usiamini cheti cha mtaani. Ile kadi ya fursa iliyoanza Juni 2024, ya kwenda kutafuta kazi kwa mwaka mmoja kwa mfumo wa pointi, ni nzuri kwenye karatasi. Binafsi simshauri mtu asiye na Kijerumani aichukue. Mwaka huisha haraka, na kule ndani unaruhusiwa kazi ya saa 20 tu kwa wiki hadi upate ajira yenyewe.

Kabla ya yote hayo, panga majina yako. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Mwanahawa, cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahawa Juma, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina majina matatu na moja limekosewa herufi. Afisa wa viza hajui kwamba kwetu hayo ni mambo ya kawaida. Anaona watu watatu. Rekebisha huko kwanza, hata kama itakula miezi.

Na vishoka. Hawa wanauza hata visivyokuwepo. Mwaka jana kijana alinijia amelipa laki nne kuandikiwa barua ya kupinga kunyimwa viza. Ujerumani ilifuta utaratibu wa barua hizo tarehe 1 Julai 2025. Ukinyimwa, unaomba upya na makaratasi bora zaidi, au unafungua kesi mahakamani Berlin.

Ukifika na D yako, una wiki mbili tu za kujiandikisha manispaa kwenye anwani yako, na lazima mwenye nyumba akujazie fomu ya kuthibitisha unakaa pale. Chumba ambacho mwenyewe anakataa kujaza fomu hiyo usikichukue, hata kiwe cha bei gani. Bila kujiandikisha, mambo mengi yanakwama. Omba kibali cha ukaaji kabla viza haijaisha muda. Foleni ikiwa ndefu utapewa karatasi ya muda, na kabla ya kukata tiketi ya kuja kuzika au kuoa, uliza kama karatasi hiyo inakuruhusu kurudi. Zipo zinazoruhusu na zisizoruhusu, na kwa macho zinafanana.

Jambo la mwisho, nalo lilinigharimu mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi. Kule kila kitu kinakuja kwa barua: miadi ya ofisi ya wageni, namba ya siri ya benki, kadi ya bima. Tarishi haulizi majirani "fulani anakaa wapi". Anasoma jina kwenye kisanduku, asipoliona barua inarudi. Kisanduku changu kilikuwa na jina la mpangaji aliyehama, na miadi yangu ya kwanza ya kibali ikanipita nikiwa nimelala ghorofani. Siku unayopokea ufunguo, kata kipande cha karatasi, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, ukabandike.