Sukuni na herufi: epijenetiki si jeni kuharibika

Kwenye semina za saratani ya ngozi huku Mtwara na Lindi neno epijenetiki limegeuka chumvi, linatiwa kila chungu. Jua limeharibu jeni: epijenetiki. Mtoto kazaliwa na ualbino: epijenetiki. Sivyo.

Maana yake ni alama za kikemia zinazoamua jeni isomwe au inyamaze, herufi za DNA, yaani maandishi ya urithi ndani ya seli, zikibaki zilivyo. Basi.

Jina lenyewe linapotosha. Husemwa kwamba epi ni Kigiriki, "juu ya", kwa hiyo "juu ya jeni". Ni nusu ya habari. Conrad Waddington, Mwingereza aliyelitunga mwaka 1942, alilichota kwenye epijenesisi, fikra ya tangu enzi za Aristotle kwamba kiumbe hujengeka hatua kwa hatua. Alichotaka kujua ni jinsi jeni zinavyofanya kazi hadi mwili ukapata umbo. Mambo ya alama yalikuja baadaye.

Aliyesoma madrasa Mikindani au Kilwa anao mfano mzuri zaidi. Herufi ya Kiarabu ni ileile, alama ndiyo inayobadilika. Ukiitia fataha inatamkwa na "a", ukiitia sukuni inatulia. Kwenye melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, sukuni mojawapo ni methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu, inayobandikwa kwenye herufi ya DNA iitwayo sitosini inayofuatwa na nyingine, guanini. Ikirundikana mwanzoni mwa jeni CDKN2A, iliyo kwenye kromosomu ya 9, protini ya p16 haitengenezwi. Hiyo p16 ndiyo breki ya seli kugawanyika. Herufi zote zipo, breki hakuna.

Jua la kwenye mashamba ya chumvi lina kazi yake nyingine. Miale ya urujuanimno hugandisha herufi mbili jirani. Ukarabati ukikosewa, sitosini inakuwa herufi nyingine, timini. Hiyo ni mutesheni, yaani herufi yenyewe kugeuka. (Ni kweli sitosini yenye methili hugandishwa kwa wepesi zaidi na UVB, aina mojawapo ya miale hiyo, lakini majirani si mtu mmoja.)

Tofauti hii inagusa hata matibabu, maana alama hufutika, herufi iliyokwisha kugeuka hairudi. Dawa ya vorinostat, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa limfoma ya ngozi ya seli T (saratani ya seli za kinga), huzuia vimeng'enya vinavyobandua asetili, alama nyingine ya kikemia, kwenye histoni, protini zinazozungushiwa DNA. Mafuta ya kukinga jua hayafuti alama yoyote. Yanapunguza miale tu.

Na ualbino? Ule wa jeni OCA2, unaopatikana sana Tanzania, mara nyingi hutokana na kukosekana kwa kipande cha herufi zipatazo 2,700, kasoro iliyorithiwa kwa baba na kwa mama. Hapo, ndugu mtoa mada, sukuni haihusiki. Herufi zenyewe hazimo ukurasani.