Wasiwasi hulelewa kwa kutiiwa: kinachofanyika hasa kwenye tiba ya mazungumzo

Wengi wanaofika kliniki kwetu kwa ajili ya wasiwasi hawasemi "nina wasiwasi". Husema moyo unaenda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, usingizi hauji. Mkononi wameshika bahasha ya vipimo: moyo, kifua, vidonda vya tumbo, vyote safi. Wameshaambiwa "huna ugonjwa", na neno hilo limewaumiza, kwa sababu wanachokihisi ni cha kweli kabisa.

Moyo unaenda mbio kweli. Mwili una king'ora chake: ubongo ukihisi hatari, adrenalini humwagwa kwenye damu, mapigo huongezeka, pumzi huwa fupi, misuli hukaza tayari kwa kukimbia. Ukifukuzwa na mbwa, king'ora hicho ndicho kinachokuokoa. Kwenye ugonjwa wa wasiwasi kinalia hata pasipo mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wakiishi na hali hii, milioni 58 kati yao wakiwa watoto na vijana, na kwamba katika kila watu wanne wanaohitaji tiba, ni mmoja tu hivi anayeipata.

Chukua mfano wa mama anayeuza vitenge Kariakoo na kuishi Kimara. Nimeuunga kutokana na visa vingi, si mtu mmoja. Asubuhi moja amesimama kwenye basi la mwendokasi lililojaa, ghafla moyo unadunda, jasho linamtoka, anaona anakufa. Anashuka Magomeni, anakimbizwa hospitali kwa bodaboda, hakionekani kitu. Kesho yake anaamua kupanda bajaji. Wiki ya pili hatoki bila mdogo wake. Mwezi wa tatu duka linaendeshwa na mdogo wake, naye yuko nyumbani, anajipima presha mara sita kwa siku.

Kila alipoacha kupanda lile basi alipata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo mtego wenyewe. Ubongo wake ulijifunza kwamba basi ni kifo na nyumbani ndiko kulikomwokoa, ingawa hakuna siku aliyoupa nafasi ya kuona vinginevyo. Neno letu wasiwasi limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kunong'ona, na kwa watu ninaowaona maana hiyo ya zamani bado iko hai: kuna sauti inanong'ona "usiende". Ukiitii leo, kesho itaomba kikubwa zaidi. Leo basi, kesho soko, keshokutwa harusi ya dada yako.

Ndiyo maana maneno ya ndugu, "tulia", "acha mawazo", "mwachie Mungu", hayatoshi hata yakisemwa kwa upendo. Mama huyu anajua kwamba basi haliui. Mwili wake ndio haujajua.

Watu wengi wanadhani kwa mwanasaikolojia wataenda kupewa mawaidha. Tiba yenye ushahidi mwingi zaidi kwa wasiwasi, ile tunayoiita tiba ya fikra na tabia, inafanana zaidi na mazoezi. Kwa kawaida mnakutana mara moja kwa wiki, dakika 45 hadi saa nzima, mara 8 mpaka 16 hivi. Siku za mwanzo ni za maswali: ilianza lini, unakwepa nini, nani anakusaidia kukwepa. Baadaye tunaanza kuupima ule mnong'ono. "Mama, moyo umekwenda mbio hivi mara ngapi tangu siku ile?" Labda mara ishirini. "Na mara zote hizo, mwishowe ilikuwaje?" Ulitulia. Mara nyingi anayejibu hunyamaza kidogo baada ya jibu hilo.

Kisha inakuja sehemu inayowashangaza wengi: tunauamsha moyo kwa makusudi. Baada ya daktari kuthibitisha kwamba moyo ni mzima, tunapanda na kushuka ngazi pamoja mpaka mapigo yapae, halafu tunakaa na kuyatazama yakishuka yenyewe, bila maji, bila kumpigia mtu simu. Hofu kali hujaa na kupwa kama maji ya bahari. Kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, ila anayekimbia kila mara hajawahi kukaa akaona ikipwa.

Baada ya hapo ni ngazi ya hofu, kuanzia jepesi kwenda zito, na mgonjwa ndiye anayeipanga. Kukaa kituo cha Kimara bila kupanda basi. Kupanda saa nne asubuhi, watu wakiwa wachache, mpaka Ubungo, akiwa na mdogo wake. Kisha peke yake. Kisha mpaka Magomeni, pale pale aliposhuka siku ile. Mwisho ni Kariakoo, saa moja asubuhi, amesimama. Kila hatua hurudiwa mpaka ichoshe badala ya kutisha. Kuna wiki atarudi nyuma, na hilo tunalitarajia tangu mwanzo.

Mbinu hii ina karne moja sasa. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika juu ya mtoto mdogo aitwaye Peter aliyeogopa sungura. Mtoto alipokuwa akila chakula anachokipenda, sungura aliwekwa mbali chumbani, kisha siku baada ya siku akasogezwa karibu, mpaka Peter akawa anamshika mwenyewe.

Kwa watoto, wasiwasi hukaa tumboni. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi mtoto wa darasa la tatu anashika tumbo, chai hainyweki, analia. Jumamosi tumbo ni zima. Nyumba nyingine hutoa fimbo, na mtoto sasa ana hofu mbili. Nyumba nyingine, kwa huruma, husema "basi leo kaa", na Jumanne inakuwa ngumu kuliko Jumatatu.

Lakini kabla ya ngazi yoyote, kwa mtoto tunamtafuta mbwa kwanza. Kuna mwalimu anayempiga? Kuna mkubwa anayemnyang'anya hela njiani? Kuna mtu anayemshika mwili wake? Kama mbwa yupo, king'ora kinafanya kazi yake vizuri kabisa, na dawa ni kumwondoa mbwa. Kumzoesha mtoto kuvumilia madhara ni kosa kubwa, nalisema hili kwa uzito wote nilio nao. Tanzania na Kenya, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Ikibainika kuwa ni wasiwasi, mzazi ndiye mtu wetu wa kwanza wa kufundishwa. Mtoto huambiwa mambo mawili kwa pamoja: "Naona unaogopa kweli, na najua utaweza." Ukisema la kwanza peke yake unamlea mnong'ono, na la pili peke yake linamwacha mpweke. Kisha mama anamsindikiza mpaka mlango wa darasa, wiki inayofuata mpaka getini, halafu mpaka kwa fundi baiskeli kwenye kona. Wadogo huichora hofu yao na kuipa jina, maana kitu chenye jina ni rahisi kukijibu. Utafiti wa Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, uliochapishwa 2020, ulionyesha kuwa kuwafundisha wazazi peke yao namna ya kuacha kuitumikia hofu ya mtoto kulifanya kazi sawasawa na tiba aliyopewa mtoto mwenyewe.

Na dawa? Zina nafasi yake. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2008, uliohusisha watoto na vijana 488 wa miaka 7 hadi 17, ulikuta takriban asilimia 60 walipata nafuu kubwa kwa tiba ya fikra na tabia, asilimia 55 kwa dawa ya sertraline, asilimia 81 walipopata vyote viwili, na asilimia 24 kwa kidonge kisicho na dawa. Dawa za aina hii huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na hazikatizwi ghafla. Ninachokiogopa ni diazepam inayonunuliwa dukani kimyakimya. Inatuliza haraka, na kwa sababu hiyo hiyo inamfunga mtu: mwili huizoea, na basi hupandwa kwa kidonge badala ya ujasiri.

Sala na kisomo havigombani na tiba, na wengi ninaowaona wanaendelea na vyote. Akitokea mtu wa kukwambia uache dawa au kliniki ili imani yako ithibitike, mwambie daktari wako kabla ya kufanya hivyo.

Njoo kama hofu imekaa kwa wiki nyingi na imeanza kukupangia wapi uende, ufanye kazi gani, mtoto asome au asisome. Unaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwenye mawazo ya kujiua asiachwe peke yake wala asisubiri miadi, apelekwe dharura siku hiyo hiyo. Uliza mapema gharama ni kiasi gani na tiba itakwenda vipi. Mtaalamu mzuri hakasiriki kwa kuulizwa. Unayoyasema yanabaki kuwa siri, isipokuwa pale uhai wa mtu au usalama wa mtoto unapokuwa hatarini, na hilo uelezwe siku ya kwanza.

Kama unamleta mtoto, usimdanganye kwamba mnakwenda sokoni. Mwambie mnakwenda kumwona mtu anayewasaidia watoto wenye hofu, kwamba wataongea na kuchora, na kwamba huko hakuna sindano.