Kabla roketi ya chupa haijaruka

Wanafunzi wa klabu ya sayansi hapa Malindi wakiniletea roketi, swali lao la kwanza huwa itapanda mita ngapi. Langu huwa: mmeizungusha kwa kamba? Kama bado, hairushwi. Mradi wa roketi, kwa maoni yangu, hufanyika ardhini. Kurusha ni kuhakiki tu hesabu iliyokwisha kufanywa. Kwenye makongamano ya sayansi naona mambo yamepinduliwa: chombo kimepakwa rangi za bendera, kimeandikwa jina la shule ubavuni, na katika kundi zima hakuna anayeweza kukuonyesha kwa kidole kitovu chake cha uzito kilipo.

Roketi ninayoizungumzia ni ya maji na hewa, ya chupa ya soda. Najua wengi wangependa moto. Watoto wa pwani hii wamekulia kwenye hadithi za San Marco, ile kambi ya Waitaliano kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambako Luigi Broglio na wenzake walisimamisha majukwaa baharini miaka ya 1960. Tangu 1967 hadi 1988 roketi za Scout zilipeleka setilaiti kutoka pale. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ilipaa setilaiti ya Marekani ya kutazama miali ya eksirei itokayo angani, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo, nayo ikapewa jina la Uhuru. Mahali palichaguliwa kwa hesabu. Ukiwa karibu hivi na ikweta, mzunguko wa dunia wenyewe hukupa mita 460 na ushei kwa sekunde kuelekea mashariki, na mashariki yetu ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vinavyoachwa njiani havimwangukii mtu.

Scout ilikuwa na hatua 4, zote za fueli yabisi, na hapo ndipo mwanafunzi huniuliza kwa nini tusikoroge yetu. Jibu ni hapana, wala sifungui mjadala. Michanganyiko hiyo hukata vidole vya watu wazima wenye maabara, na sheria ya vilipuzi haitambui udhuru wa kazi ya shule. Zaidi ya hayo, maji yanatosha kufundisha kila kitu. Kanuni ni ile ile aliyoiandika Mrusi Tsiolkovsky mwaka 1903: unachokitupa nyuma, kasi unayokitupa nayo, na uwiano wa uzito wa mwanzo kwa uzito wa mwisho. Fueli yabisi hutupa gesi kwa zaidi ya kilomita 2 kwa sekunde. Chupa yetu hutupa maji kwa mita 29 hivi kwa sekunde. Tofauti ni ya tarakimu, si ya fizikia.

Hizo mita 29 zinatoka wapi? Geji za pampu husoma psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba, basi nami nitasema psi. Chupa ya lita 2 ikipigwa presha ya 60, maji hutoka kwa kasi hiyo kupitia mdomo wenye upana wa milimita 22 kwa ndani. Ukipiga hesabu, msukumo wa mwanzo ni karibu nyutoni 300, ilhali roketi pamoja na maji yake haifiki kilo moja. Ndiyo maana inachomoka jukwaani usiione. Maji yote hwisha kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Safari iliyobaki, kupanda na kushuka, ni chupa tupu inayokwenda kwa kasi iliyokwisha kuipata. Ishike hiyo, tutaihitaji mbele.

Kiasi cha maji ni thuluthi ya chupa, kidogo zaidi au pungufu. Ukijaza zaidi, hewa ya kusukuma inakosa nafasi, presha inashuka kabla maji hayajatoka, na roketi inabeba mzigo isioweza kuutupa. Ukipunguza sana, hewa inabaki na nguvu lakini haina cha kusukuma. Hili nawaachia wanafunzi walitafute wenyewe, presha ikiwa ile ile, maji yakibadilishwa kidogo kidogo. Ndilo jaribio safi kuliko yote katika mradi huu na halihitaji ufundi wowote.

Njiani wataona jambo jingine. Chupa ikiokotwa, ndani yake kuna ukungu mweupe. "Mwalimu, huu moshi umetoka wapi na moto hatukuwasha?" Ni hewa iliyotanuka ghafla ikapoa, na mvuke uliokuwamo ukaganda kuwa matone madogo. Dakika moja tu umekwisha, kwa hiyo anayetaka kuuonyesha aiwahi chupa.

Sasa chupa yenyewe. Iwe ya soda, kwa sababu imetengenezwa kustahimili gesi. Ya maji ya kunywa ni laini na umbo lake halikukusudiwa kubeba presha. Usiikwangue kwa msasa ili gundi ishike, maana kila mkwaruzo ni mahali pa kupasukia. Gundi ya moto ya bastola pia siitaki karibu na ukuta wa chupa: plastiki hii hulainika kabla hata maji ya jikoni hayajachemka, na ile alama iliyosinyaa haionekani vizuri mpaka presha iitafute. Mapezi nayafungia kwenye mkono wa pili, yaani kipande cha chupa nyingine kilichokatwa na kuvalishwa nje, kikashikwa kwa selotepu. Chupa ya presha inabaki bila jeraha. Ikichakaa au ikipata kunjo, inastaafu.

Kila chupa mpya hupimwa kabla ya kuruhusiwa kuitwa roketi. Tunaijaza maji hadi mdomoni, bila kiputo cha hewa, tunaiunganisha na pampu na kuipandisha hadi 90, yaani mara moja na nusu ya presha ya kazi, kisha tunaiacha dakika chache ndani ya ndoo yenye kifuniko. Wageni hushangaa: kwa nini ijazwe maji yote, si ndiyo itaumiza zaidi? Kinyume chake. Maji hayabanwi, kwa hiyo hayahifadhi nguvu. Chupa ikishindwa, inachanika na kumwaga, basi. Hewa ndiyo yenye hasira. Lita moja na theluthi ya hewa kwenye presha ya 60 ina karibu juli 500, sawa na mfuko wa simenti wa kilo 50 ukiuachia kutoka urefu wa mita moja. Nikishawapa mfano huo, sihitaji tena kupiga kelele mtu asiinamie roketi iliyokwisha kupigwa pampu. Miwani ya kinga inavaliwa, na kamba ya kufyatulia ina urefu wa mita 10.

Tuje kwenye moyo wa kazi, utulivu. Kila roketi ina vitovu viwili. Cha kwanza ni cha uzito: iweke roketi juu ya ukingo wa rula mpaka isiegemee upande wowote, hapo ndipo. Cha pili mimi hukiita kitovu cha upepo, mahali ambapo ukijumlisha misukumo yote ya hewa inayoipiga roketi ubavuni, ni kana kwamba imepiga hapo tu. Roketi angani haishikwi na kitu, ikiyumba inazungukia kitovu chake cha uzito. Kama kitovu cha upepo kiko nyuma ya hicho, hewa inasukuma mkia na pua inarudi mbele. Kama kiko mbele, hewa inasukuma pua, na chombo kinapiga kombo papo hapo kisha kurudi kwa waliokituma.

Kanuni ya kazi ni kwamba kitovu cha uzito kitangulie kile cha upepo kwa umbali usiopungua upana mmoja wa roketi. Chupa ya lita 2 ina upana wa sentimita 11 hivi. Tuseme roketi ni ya sentimita 70, kitovu cha uzito kiko sentimita 30 kutoka puani na cha upepo sentimita 42. Tofauti ni 12, umepita, lakini huna cha kuringia.

Kitovu cha upepo unakipataje bila kompyuta? Laza roketi juu ya kadibodi, chora kivuli chake chote pamoja na mapezi, kata, kisha sawazisha kile kipande juu ya rula. Njia hii ni ya woga: inakiweka kitovu mbele kuliko kilivyo roketi inapokwenda imenyooka, kwa hiyo ukifaulu kwa kadibodi, angani una akiba. Anayetaka usahihi zaidi atumie milinganyo aliyoitoa mhandisi James Barrowman mwaka 1966. Ni hesabu ya kidato cha tatu, inachosha tu. Programu za kompyuta za kuchora roketi hufanya kazi hiyo hiyo, lakini siziruhusu kabla kadibodi haijakatwa. Mwanafunzi aliyeshika kile kipande mkononi anajua kwa nini pezi likiongezwa nyuma kitovu kinarudi nyuma. Aliyebonyeza kitufe anajua namba.

Hapa ndipo wengi hujikwaa: kitovu cha uzito kipimwe chupa ikiwa tupu au ikiwa na maji? Tupu. Ukumbuke ile sehemu ya kumi ya sekunde. Roketi karibu safari yote haina maji, na ndiyo hali inayopaswa kuwa tulivu.

Kisha kamba. Funga uzi wa mita 2 au 3 pale penye kitovu cha uzito, roketi ikae mlalo, ubandike selotepu uzi usihame, halafu simama uwanjani uizungushe juu ya kichwa. Pua ikitangulia na ikabaki mbele, imefuzu. Ikienda kinyumenyume au ikicheza ngoma, haijafuzu, na hapo una dawa mbili: ongeza uzito puani au ongeza mapezi. Anza na uzito. Donge la udongo wa mfinyanzi ndani ya pua hufanya kazi kubwa. Mapezi yenyewe tunayakata kwenye ubavu wa mtungi wa lita 20 wa mafuta ya kupikia. Kadibodi ikilowa maji mara moja, kwisha habari yake.

Lakini dawa ya mapezi ikizidi inageuka sumu. Roketi yenye mapezi makubwa mno huelekeza pua kule upepo unakotoka. Huku kwetu kusi hutoka kusini mashariki na kaskazi hutoka kaskazini mashariki, pepo zote mbili zikitokea baharini. Basi roketi ya namna hiyo ikirushwa ufuoni, inakwenda joshini, juu ya maji, halafu mwavuli ukifunguka inaletwa demani, upepo unakokwenda, hadi kwenye mapaa ya makuti. Sipendi kukimbizana na chupa katika nyua za watu. Tunarusha asubuhi mapema kabla upepo wa bahari haujaamka, kwenye uwanja mpana ulio mbali na njia ya ndege, kwa maana kiwanja cha ndege kimekaa karibu na mji na rubani hana haja ya kutukuta.

Kuhusu jukwaa la kurushia sina mengi. Ni bomba la PVC linaloingia mdomoni mwa chupa, pete ya mpira ya kuziba, na vibana vya plastiki vinavyoshika shingo ya chupa mpaka kola, yaani pete inayovizunguka, ivutwe. Kwa upande wa hewa, fundi wa baiskeli jirani alinikatia shauri: "Mwalimu, hii ya baiskeli itakusumbua kwa kuvuja. Chukua valvu ya gari lisilo na tyubu, itakaza yenyewe." Imekaza kweli.

Urefu tunaupima kwa pembe. Kipimapembe, uzi, na nati ndogo ya kuning'inia. Mpimaji anasimama mita 50 kutoka jukwaani, anaifuata roketi mpaka kileleni, anasoma. Pembe ya digrii 40 inakupa mita 42, ukiongeza kimo cha macho yake unapata 43 na nusu. Ukikosea digrii 2 tu, mita 3 zimebadilika. Mpimaji mmoja kwa hiyo hatoshi. Tuseme roketi yenye kilele cha mita 42 juu ya macho imemkaribia mpimaji kwa mita 10: yeye ataandika 52 na nusu, na mwenzake aliyesimama upande wa pili ataandika 35. Wastani wao ni karibu 44, na hizo mita 2 za ziada ndizo kosa ninaloweza kulivumilia. Wanafunzi hutaka kuandika ile ya 52. Nawakatalia, na kwenye jedwali tunaandika pembe zote mbili kama zilivyosomwa, presha, maji kwa mililita, na upepo ulikuwa upande gani.

Mwavuli wa kushukia ndio sehemu ambayo bado hainiridhishi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, basi tunatumia kitambaa cha mwavuli mbovu wa mvua, kikakatwa duara na kufungwa nyuzi 8. Ni imara na kinafunguka vizuri, tatizo ni pua: ikibana, haitoki kileleni, ikilegea, inatoka njiani kasi ikiwa bado kubwa. Kwa sasa tunaiketisha tu juu ya chupa bila gundi, ishikwe na upepo wa kupanda na kuanguka yenyewe roketi inapogeuka. Hufanya kazi pale tu roketi inapopanda wima.