Ametoka ICU, mbona bado hajawa yule wa zamani?

Mgonjwa akishatolewa kwenye mashine ya kupumulia huko ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, ndugu hushukuru na kulia kwa pamoja. Wiki chache baadaye, nyumbani, maswali yanaanza. Mbona hawezi kupanda ngazi? Mbona anaamka usiku akipiga kelele? Mbona hakumbuki alichoambiwa asubuhi? Kwa zaidi ya miaka 20 watafiti wamekuwa wakiwafuatilia watu walionusurika baada ya kuwa mahututi, na mengi ya maswali haya yana majibu. Inaumiza kuona majibu hayo hayafiki majumbani, maana mgonjwa mwenye tatizo linalojulikana anaishia kuitwa mvivu, au kudhaniwa amerukwa na akili.

Daktari anasema mapafu yamepona. Mbona anahema akienda chooni tu?

Mara nyingi kilichobaki nyuma ni misuli. Huko Toronto, Kanada, Dk. Margaret Herridge na wenzake waliwafuatilia watu 109 walionusurika baada ya mapafu yao kujaa maji na kushindwa kazi ghafla. Hawakuwa wazee: nusu yao walikuwa na miaka 45 au pungufu. Walipotoka ICU walikuwa wamepoteza asilimia 18 ya uzito wao. Mwaka mmoja baadaye mapafu ya wengi yalikuwa yamekaribia hali ya kawaida, lakini walipopimwa umbali wanaoweza kutembea kwa dakika sita, mgonjwa wa katikati ya kundi alifika mita 422, yaani kama theluthi mbili tu ya umbali uliotarajiwa. Malalamiko yao yalifanana: miguu haina nguvu, mwili umechoka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003. Watafiti hawakuwaacha. Walipowapima tena baada ya miaka mitano umbali ulikuwa mita 436, bado pungufu.

Misuli inakwenda wapi? Watafiti wa London waliwapima wagonjwa 63 kwa ultrasaundi tangu siku za mwanzo za kulazwa ICU. Ndani ya siku 10 msuli wa mbele ya paja ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18, na waliopungukiwa zaidi ni wale ambao viungo vyao kadhaa vilikuwa vimeshindwa kufanya kazi. Mwili ulio vitani huvunja protini ya misuli yake wenyewe. Kulala bila kujongea kunazidisha hali hiyo, na wakati mwingine mishipa ya fahamu inayoamuru misuli nayo huathirika. Kwa hiyo ukimwona ameshika ukuta ili asimame, usimwambie "jikaze". Amejikaza tayari. Anachohitaji ni muda, chakula na mazoezi yanayoongezwa pole pole.

Anasema manesi walitaka kumuua, na kwamba aliona watu wamesimama ukutani. Tumpeleke kwa mganga?

Mpelekeni kwa daktari, na kwanza msikilizeni bila kumbishia wala kumcheka.

Katika ICU wagonjwa wengi huweweseka: akili huchanganyikiwa ghafla, mchana unageuka usiku, na maruweruwe huwa wazi kama kitu cha kushikika. Utafiti uliofanywa na madaktari wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2013, ulihusisha wagonjwa 821, na asilimia 74 kati yao walipata hali hiyo wakiwa hospitalini. Maambukizi, oksijeni kushuka, dawa za usingizi na kukosa usingizi wa kweli, yote huchangia. Mtu aliyefungwa mkono ili asing'oe mpira wa kupumulia, huku akili yake ikiwa nusu usingizini, anaweza kuhifadhi kumbukumbu ya kutekwa nyara. Kwake ilitokea kweli. Haondolewi hofu hiyo kwa kuambiwa "hayo hayakutokea". Humsaidia zaidi mtu anayempangia matukio kwa utaratibu: siku ile uliwekewa mpira, siku ile tulikuja na shangazi, siku ile ulifumbua macho.

Ndiyo maana katika hospitali kadhaa za Ulaya, hasa za Skandinavia, manesi na ndugu huandika daftari la kila siku kando ya kitanda cha mgonjwa asiyejitambua. Utafiti uliohusisha wagonjwa 352, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba waliopewa daftari lao mapema walipata kiwewe kwa kiwango kidogo zaidi: asilimia 5 dhidi ya 13. Utafiti mwingine wa Ufaransa wa mwaka 2019, uliokuwa na wagonjwa wengi zaidi, haukuona tofauti hiyo. Kwa hiyo daftari si dawa iliyothibitishwa. Hata hivyo naliunga mkono, kwa sababu linampa mgonjwa kisa chake mwenyewe, na gharama yake ni daftari la shuleni na kalamu.

Na huku kusahau? Alikuwa mhasibu, sasa anashindwa kuhesabu chenji.

Walionusurika kati ya wagonjwa wale 821 walipimwa kumbukumbu, umakini na uwezo wa kupanga mambo. Miezi mitatu baada ya kutoka hospitalini, asilimia 40 walikuwa na alama zinazofanana na za watu walioumia ubongo kwa kiwango cha kati, kama baada ya ajali. Baada ya mwaka mmoja walikuwa bado asilimia 34. Vijana hawakusalimika. Na waliokaa wakiweweseka kwa siku nyingi zaidi ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi baadaye.

Hapo ndugu mna kazi wakati mgonjwa bado yuko wodini. Mwambieni leo ni siku gani na yuko wapi. Mleteeni miwani yake na kifaa chake cha kusikia kama anavyo. Waulizeni manesi kama anaweza kupata mwanga mchana na utulivu usiku. Mshikeni mkono mkiruhusiwa. Akishafika nyumbani, mambo ya fedha, kuendesha gari na kupanga dawa zake yasimamiwe na mtu mwingine kwanza, huku akiyarudia moja moja.

Sisi hatukuwa na ICU, alilazwa wodi ya kawaida. Haya yanamhusu?

Yanamhusu kabisa. Kinachoharibu ni ugonjwa wenyewe, si jina la chumba. Utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2025 ulikuta kwamba mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na karibu asilimia 69 ya mahututi hao walikuwa wakitibiwa katika wodi za kawaida. Mtoto wa malaria kali, mama aliyepata kifafa cha mimba, dereva wa bodaboda aliyevunjika mbavu, mzee mwenye sepsisi, yaani mwili kukabiliana na maambukizi hadi ukaviumiza viungo vyake wenyewe: wote wanaweza kurudi nyumbani na mizigo hii bila karatasi yao ya ruhusa kutaja neno ICU.

Hali hii ina jina?

Inalo. Mwaka 2010 chama cha Marekani cha wataalamu wa tiba ya mahututi kiliwakutanisha wadau, na mwaka 2012 kikachapisha maelezo ya hali hii kwa jina la mkusanyiko wa matatizo ya baada ya ICU (kwa Kiingereza, post-intensive care syndrome). Yamepangwa katika makundi matatu: ya mwili, ya uwezo wa kufikiri, na ya kihisia kama sonona, wasiwasi na kiwewe. Ndugu nao wamo katika maelezo hayo.

Ndugu? Sisi hatukuugua.

Hamkuugua, lakini mlikesha kwenye benchi na kuitwa usiku kutia sahihi. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2005 ulikuta kwamba miezi mitatu baada ya mgonjwa kutoka ICU au kufariki, ndugu mmoja kati ya watatu alikuwa na dalili za kiwewe. Anayeuguza apate wa kumpokea zamu. Asiyelala wala kula kwa wiki kadhaa naye aende kwa daktari.

Mazoezi yaanze lini?

Hapa utafiti wenyewe umebadilisha mawazo ya madaktari, na ni vizuri kujua ulivyokwenda. Mwaka 2009 utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 104 ulionyesha kwamba asilimia 59 ya wale waliopunguziwa dawa za usingizi na kuanza mazoezi wakiwa bado kwenye mashine walitoka hospitalini wakijitegemea, dhidi ya asilimia 35 ya wengine. Hospitali nyingi zikachangamka. Mwaka 2022 ukaja utafiti wa wagonjwa 750 wa nchi kadhaa uliojaribu kuwasukuma zaidi ya mazoezi ya mapema ya kawaida. Haukuleta faida ya ziada, na matukio kama mapigo ya moyo kuvurugika au oksijeni kushuka yaliongezeka.

Mimi nasoma hivi: anza mapema, lakini usilazimishe. Nyumbani, aanze kukaa kitini wakati wa kula badala ya kulia kitandani. Asimame kutoka kitini mara chache, apumzike, arudie. Leo atembee hadi mlangoni, wiki ijayo hadi kwa jirani. Siku ambayo amechoka kupita kawaida, apunguze. Mtaalamu wa fiziotherapia akipatikana, hata mara moja, aombwe kuwafundisha ndugu.

Ale nini? Na nywele zinamtoka!

Protini katika kila mlo: mayai, dagaa, maharage, choroko, maziwa, uji wa karanga. Apewe milo midogo mingi, maana hamu ya kula huchelewa kurudi. Mwenye figo mbovu au kisukari afuate maelekezo yake. Akipaliwa kila anywapo maji, hasa baada ya kuwekewa mpira kooni, daktari aambiwe kabla maji hayajaingia mapafuni. Nywele kunyonyoka miezi miwili au mitatu baada ya ugonjwa mkali ni kawaida, na kwa kawaida huota tena.

Tumrudishe hospitali haraka akiwa na nini?

Homa, kuhema kuzidi, kifua kuuma, kuchanganyikiwa upya, mguu mmoja kuvimba na kuuma, mkojo kupungua sana, au kusema hataki kuishi. Msisubiri tarehe ya kliniki. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba karibu asilimia 40 ya walionusurika sepsisi hulazwa tena ndani ya siku 90, mara nyingi kwa matatizo ambayo yangetibika yakiwahiwa.

Atarudi kazini lini?

Kati ya wale wa Toronto, asilimia 49 walikuwa wamerudi kazini baada ya mwaka. Ilipofika miaka mitano walikuwa asilimia 77, wengi wakiwa katika kazi zao za zamani. Kwa hiyo mwajiri asimwondoe mtu baada ya miezi mitatu, na mgonjwa asijikatie tamaa. Mwombeni daktari aandike barua inayoeleza udhaifu wa misuli na wa kumbukumbu kwa uwazi, si "apumzike" peke yake. Aanze na nusu siku. Kazi ya hesabu ikaguliwe na mwenzake kwa muda, na kazi ya kubeba mizigo au kuendesha gari isubiri hadi apimwe tena.