Demo ya gemu inathibitisha nini hasa?

Vijana wanaoniletea gemu zao hapa Lubumbashi kabla ya kwenda kuomba pesa kwa mfadhili wana maneno wanayoyapenda: "Yaya, hii inaenda kwenye simu yoyote. Asiyeamini alete simu iliyoikataa." Mimi kazi yangu ni kutengeneza demo, yaani kipande cha gemu cha kuonyesha kabla ya gemu kamili, na maneno hayo huyakatiza palepale. Anayedai ndiye anayethibitisha. Mfadhili hana deni la kuzunguka komini za Kenya na Katuba, mitaa ya hapa mjini, akitafuta simu ya kukuumbua.

Sheria yetu ya Kongo imeliweka hilo zamani. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, kifungu cha 197, inataka anayemdai mwenzake atimize wajibu authibitishe wajibu huo. Naye anayesema amekwisha kulipa, athibitishe malipo. Nusu hiyo ya pili husahauliwa sana. Mzigo wa ushahidi haukai kwa mtu mmoja siku zote: kila mwenye kutoa dai jipya anaubeba.

Demo ni ushahidi mzuri wa jambo moja, kwamba kitu kinawezekana. Mwaka 1993 watengenezaji wa gemu id Software waligawa bure sehemu ya kwanza kati ya tatu za gemu yao Doom, ikanakiliwa disketi kwa disketi. Ubishi ungetoka wapi, wakati gemu yenyewe inakimbia kwenye kompyuta yako? Lakini mwaka 2005, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 huko Los Angeles, gemu ya Killzone 2 ilionyeshwa kwa video iliyoandaliwa kabla, si mchezo unaochezwa. Gemu yenyewe ilitoka 2009. Video ya namna hiyo ni dai lilelile, limevishwa suti tu.

Lakini "simu yoyote" au "haikwami hata kidogo"? Hakuna demo inayobeba dai hilo. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, alishasema kwamba kujaribu programu kunaweza kuonyesha hitilafu zipo, hakuwezi kuonyesha hazipo. Basi punguza dai mpaka lilingane na ushahidi ulio nao.

Mimi hufanya hivi. Fremu ni picha moja kati ya zile zinazofuatana kwenye skrini. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde inatakiwa kumaliza kila fremu ndani ya milisekunde 16 na kitu. Vijana hunionyesha wastani, na wastani ni mwongo mkubwa: unaweza kusoma 60 huku kila mlipuko ukizalisha fremu moja ya milisekunde 100, na kidole cha mchezaji kinaihisi. Kwa hiyo pembeni ya skrini naandika fremu iliyochelewa kuliko zote. Halafu kuna joto. Simu ya bei nafuu dakika tatu za mwanzo bado ni baridi. Ikishapata moto, prosesa, ubongo wa simu, inapunguza kasi yenyewe ili ipoe, na fremu zinaanza kuanguka. Naicheza nusu saa kwanza, bila chaja, ikiwezekana mwezi wa kumi, jua letu likiwa kali, kisha namkabidhi mfadhili simu ikiwa bado na moto wake. Acheze yeye. Vidole vya aliyeitengeneza vinajua kona za kukwepa, hata bila yeye kukusudia.

Sasa unaweza kusema: "Papa, kwenye simu hii yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 2, baada ya nusu saa, fremu mbaya kuliko zote ni milisekunde 30." Hapo umemaliza sehemu yako. Akijibu kwamba kwenye simu nyingine itakwama, dai hilo ni lake. Muulize kwa heshima ni simu gani, na kama anayo mfukoni, ifungueni palepale.

Akisema tu "bado sijaamini itauzika", usibishane naye. Hajadai kitu, na demo yako haikugusa soko hata mara moja. Muulize ni kitu gani akikiona ataamini, kiandike mbele yake, urudi ukatengeneze demo ya hicho.