Breka Haijakata, Lakini Jenereta Imezidiwa

Baridi ya Juni na Julai ikikaza hapa Mbeya, malalamiko huwa yale yale: umeme umekatika, jenereta imewashwa, taa zinafifia, pampu inanguruma bila kuvuta maji. Mwenye nyumba anajitetea: "Mbona breka haijakata?" Breka, yaani swichi inayokata umeme mkondo ukizidi, inahesabu ampia tu. Haijui kwamba uko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari.

Hewa ya huku ni nyepesi. Injini ndogo isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa Mbeya ni karibu moja ya tano, na Iringa mjini ni pungufu kidogo tu. Kibandiko kikionyesha kVA 3 na pawa fakta 0.8 (namba ya kuzidisha kVA ili upate kilowati), hizo ni wati 2,400 ukiwa pwani. Huku hesabu 1,900. Jagi la umeme peke yake hula 1,500 hadi 2,000. Hita ya kuogea, 3,500 na kuendelea, isahau. Friji ikishatulia hula wati 150 hivi, lakini wakati wa kuanza hutaka mara tano au zaidi kwa sekunde chache.

Kupima ni hivi. Zima vifaa vyote, iache injini ipate moto dakika tano, kisha pima kwenye soketi ya jenereta: volti 230, hezi 50 hadi 52. Ikiwa chini ya hapo bila mzigo wowote, tatizo si mzigo. Kagua chujio la hewa, gavana (kidhibiti kasi ya injini) na AVR (kidhibiti volti). Ikiwa sawa, anza na pampu, ifuate friji, taa na televisheni mwisho, kimoja kimoja. Volti zikishuka chini ya 207, hezi chini ya 48, au moshi mweusi ukitoka, ondoa ulichowasha mwisho. Ukiendelea kulazimisha, mota huvuta ampia nyingi zaidi kadiri volti zinavyopungua, na koili zake huungua.

Kufunga breka kubwa zaidi si dawa.

Waya za nyumba zishughulikiwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwambie akuonyeshe leseni, soma jina, daraja na tarehe ya mwisho. Asiye nayo anatenda kosa, hata kama ni jirani yako na ana mkono mzuri. Jenereta iingie kupitia chenjiova, yaani swichi ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa jenereta, kamwe si kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme wa jenereta ukipenya kurudi kwenye laini ya TANESCO, transfoma huupandisha hadi volti 11,000 au 33,000, na fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imezimwa. Kazi ikiisha, umeme wa TANESCO ukiwa umekatika na jenereta ikiwaka, weka chenjiova upande wa jenereta, kisha fundi apime upande wa mita mbele yako: isomeke sifuri.